Mwalimu wa Upanga na Kipindi Kilichoibwa

Kuna wizi unaofanyika kila wiki katika shule za Kenya, mchana kweupe, na hakuna aliyewahi kufikishwa mahakamani kwa ajili yake. Kinachoibwa ni kipindi cha PE. Kiko kwenye ratiba, kimechapishwa na kubandikwa ukutani nje ya ofisi ya walimu. Afisa wa elimu akizuru anakiona. Lakini kengele ikilia, mwalimu wa hesabu anaingia na chaki yake, anasema "leo tumalizie ile topiki," na watoto hamsini wanabaki kwenye madawati waliyokalia tangu asubuhi. Kila mtu anajua. Mwalimu mkuu anajua, wazazi tunajua, na tukisema ukweli, wengi wetu tunashukuru. Si mtihani ndio utamfikisha mtoto mahali?

Ninataka kubishana na shukrani hiyo, na shahidi wangu wa kwanza ni mwanajeshi. Siwapendi wanajeshi kwa namna ya pekee, na nitaeleza kwa nini. Lakini shahidi haitwi kwa sababu anapendwa, anaitwa kwa sababu alikuwepo.

Jina lake ni Herman Koehler. Alizaliwa mwaka wa 1859, akakulia miongoni mwa Wajerumani wa Milwaukee, Marekani, mji uliopokea wengi waliokimbia kwao baada ya mapinduzi ya 1848 kuzimwa. Wahamiaji hao walibeba vyama vyao vya mazoezi, Turnverein, pamoja na imani iliyokuwa mpya kwa Wamarekani wengi: kwamba mazoezi ya mwili ni ya kila mtu, fundi viatu sawa na karani, mwana sawa na baba. Koehler alisomea ualimu wa mazoezi katika mapokeo hayo. Mwaka wa 1885 akaajiriwa West Point, chuo kinachowafunza maofisa wa jeshi la Marekani kando ya mto Hudson. Akapewa cheo chenye jina la kizamani, Mwalimu wa Upanga, jina ambalo mkuu wa idara ya mazoezi ya mwili chuoni hapo bado analiitikia hadi leo.

Alifika akiwa raia. Mwaka wa 1901 akapewa kamisheni ya luteni, akapanda hadi luteni kanali, akastaafu mwaka wa 1923. Hesabu mwenyewe: miaka 38 katika chuo kimoja, akifundisha somo moja. Hakushinda vita vyovyote. Hakuna mji uliotekwa kwa jina lake. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kijana anayeingia akiwa na mabega yaliyopinda na pumzi fupi hatoki vile alivyoingia.

Alipofika, mazoezi ya kawaida yalikuwa ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Wakubwa waliachwa, ati wana masomo mengi. Umesikia hiyo wapi? Ni hoja ileile ya kidato cha nne na ya gredi ya tisa. Mwaka wa 1905, kwa msukumo wa Rais Theodore Roosevelt, hoja hiyo ilitupwa nje na mazoezi yakawa ya lazima kwa miaka yote minne. Na tusidhani masomo yalikuwa mepesi. Hao walikuwa vijana wa hesabu na uhandisi, waliofukuzwa chuoni wakianguka mitihani. Hakuna aliyefikiria kwamba hesabu itafaulu zaidi ikiiba saa ya viungo.

Mwaka wa 1914 jeshi lilitoa mwongozo wa mazoezi ya mwili kwa askari wake wote, na mwandishi alikuwa Koehler. Mwongozo huo haukuwa kitabu cha kutafuta bingwa. Mwandishi alitaka wote washiriki, na kipimo chake kilikuwa kiwango cha kikosi kizima. Mazoezi mengi ndani yake hayahitaji kifaa chochote: kusimama, kuinua mikono, kuinama, kugeuka, kupumua, kuruka, kukimbia. Mwalimu mmoja mbele, mamia ya watu nyuma, na uwanja tambarare. Basi.

Wala usimdhanie kuwa mtu aliyechukia michezo ya ushindani. Kuanzia 1897 hadi 1900 alikuwa kocha wa timu ya West Point ya futiboli ya Kimarekani, na timu hiyo ilishinda mechi nyingi kuliko ilizopoteza. Alijua utamu wa kombe. Alichokataa ni kombe kugeuzwa kisingizio. Timu ya watu kumi na mmoja ikishinda siku ya Jumamosi, wale mamia waliokaa wakishangilia hawajapata nguvu yoyote mwilini. Wamepata sauti ya kukwaruza tu.

Sasa nimlete shahidi wa pili, aliyetoka chuo kilekile na kuelekea upande mwingine.

Robert Neyland alihitimu West Point mwaka wa 1916, yaani viungo vyake vilinolewa enzi za Koehler. Alikuwa mchezaji wa besiboli, wa futiboli, na bondia. Baadaye alikuwa msaidizi wa Douglas MacArthur alipokuwa mkuu wa chuo hicho, MacArthur yuleyule aliyetoka Vita vya Kwanza vya Dunia na kulazimisha kila mwanafunzi acheze mchezo fulani, awe hodari au awe butu. Mwaka wa 1925 jeshi lilimpeleka Neyland Chuo Kikuu cha Tennessee, mjini Knoxville, kufundisha masomo ya kijeshi. Akawa pia kocha msaidizi wa futiboli. Mwaka uliofuata akawa kocha mkuu.

Rekodi yake ni ya kutisha: ushindi 173, kushindwa 31, sare 12. Mwaka wa 1939 timu yake ilimaliza msimu wa kawaida bila kufungwa hata pointi moja. Mara mbili jeshi lilimwita, akaenda Panama mwaka wa 1935, akaenda vitani mwaka wa 1941 na kurudi akiwa brigedia jenerali. Mara zote mbili alirudi kwenye timu yake. Uwanja wa chuo hicho ulifunguliwa mwaka wa 1921 ukiwa na viti 3,200. Leo unaitwa Neyland Stadium na unabeba zaidi ya watu 100,000. Ushindi wake ndio ulioanza kuujaza na kuupanua.

Ni maisha makubwa, sikatai. Lakini hebu uangalie uwanja huo siku ya mechi kwa jicho la mwalimu wa viungo. Watu laki moja wamekaa. Ishirini na wawili wanakimbia. Ikiwa hiyo ndiyo elimu ya viungo ya chuo kikuu, basi ni shule ambapo wanafunzi wachache wanasoma na wengine wote wanalipa kiingilio kuwatazama wakisoma.

Na hata hao wachache walichaguliwa kwa rangi. Miaka yote ambayo Neyland alifundisha, hakuna kijana Mweusi aliyeichezea timu yake. Chuo hicho kiliwapokea wanafunzi Weusi wa shahada ya kwanza mwaka wa 1961, na Mweusi wa kwanza kuichezea timu ya futiboli, Lester McClain, aliingia uwanjani mwaka wa 1968, Neyland akiwa amekufa miaka sita.

Hapo ndipo ninapopaswa kusimama na kumgeukia shahidi wangu wa kwanza pia, maana haki haina upendeleo. "Kila mtu" wa Koehler alikuwa mtu gani? Alipofika West Point mwaka wa 1885, alimkuta mwanafunzi Mweusi aitwaye Charles Young. Young alihitimu mwaka wa 1889. Baada yake hakuna kijana Mweusi aliyehitimu chuoni hapo hadi Benjamin O. Davis Mdogo, mwaka wa 1936. Karibu nusu karne. Koehler alikuja na kuondoka, na mazoezi yake ya wote hayakuwahi kuuliza wote ni nani.

Young mwenyewe alikuwa ofisa na mwalimu wa chuo. Alifundisha masomo ya kijeshi Wilberforce, chuo cha watu Weusi huko Ohio. Mwaka wa 1917 Marekani ilipoingia vitani, alikuwa luteni kanali, na mtu yeyote aliyeweza kuhesabu aliona kwamba vita vingemfanya jenerali anayeamrisha maofisa wazungu. Ghafla madaktari wa jeshi wakagundua kwamba mwili wake haufai. Akastaafishwa. Mwaka wa 1918 alipanda farasi kutoka Wilberforce hadi Washington, karibu kilomita 800, kuonyesha kwamba mwili ule unafaa. Walimrudisha kazini siku chache kabla ya vita kwisha, vita vyenyewe vikiwa havimhitaji tena. Alifia Lagos mwaka wa 1922. Wakampandisha kuwa brigedia jenerali mwaka wa 2022, miaka mia moja baada ya kuzikwa.

Kwa hivyo sina ndoto kuhusu jeshi na miili ya watu. Jeshi linajali mwili kwa sababu lina matumizi nao. Linakulisha, linakupima, linakukimbiza, halafu linakutuma mahali ambapo risasi haitauliza umefanya mazoezi kiasi gani. Na likitaka kukufungia mlango, linautumia mwili huohuo kama kisingizio.

Lakini hebu fikiria aibu iliyopo hapa. Taasisi iliyokuwa ikiwaandaa vijana kwenda kuuawa ilimjali kijana dhaifu wa safu ya nyuma kuliko shule zetu, ambazo zinadai kumwandaa mtoto kuishi. Koehler alitaka kujua yule anayeshindwa kujiinua kwenye nondo anaitwa nani, na baada ya miezi mitatu amefika wapi. Shule gani ya upili Kenya inaweza kukuambia hivyo? Itakuambia alama zake za kemia tangu kidato cha kwanza, kwa grafu. Kuhusu mapafu yake, haijui hata kama yapo.

Wataniambia sisi Kenya hatuhitaji kufundishwa michezo. Sisi ni nchi ya mbio. Tuna medali. Haya, tuzungumze kuhusu medali.

Medali ya kwanza ya dhahabu ya Kenya katika Olimpiki ililetwa na Naftali Temu, Mexico 1968, na Temu alikuwa mwanajeshi. Kipchoge Keino alikuwa polisi. Paul Tergat alikuwa wa jeshi la wanahewa. Catherine Ndereba ni wa magereza. David Rudisha polisi, Hellen Obiri jeshi. Hatusemi hili kwa sauti, lakini mfumo wetu wa riadha umelelewa na watu wenye sare. Kijana akionyesha kasi, anapewa kazi katika kikosi, anapata mshahara na muda wa mazoezi. Asiyepata nafasi hiyo anatafuta ufadhili wa chuo kikuu Marekani. Na huko nako wapo waliomalizia njia ileile: Paul Chelimo alikimbia kwa ajili ya chuo kikuu huko North Carolina, akajiunga na jeshi la Marekani, akachukua fedha ya mita 5,000 kule Rio mwaka wa 2016, bendera begani ikiwa ya nchi nyingine.

Siwalaumu wanariadha hata kidogo. Mtu hula palipo na sahani. Ninachosema ni kwamba medali hizo si ushahidi wa elimu ya viungo. Ni ushahidi wa vipaji, wa mwinuko, wa shida, na wa vikosi vilivyojua kuviona vipaji mapema. Kenya imemchukua Neyland ikamwacha Koehler. Tumechukua uwanja na vifijo, tukaacha kile kipindi cha asubuhi ambapo kila mmoja, pamoja na mnene, mfupi na mwoga, anainua mikono.

Jambo hili lina mizizi. Mkoloni alipoleta michezo kwenye shule zetu hakuileta kama zawadi. Alileta gwaride na kwata kwa sababu alitaka watu wanaojipanga mstari wakiamriwa, na alipenda mashindano ya riadha kwa sababu alitaka nguvu za vijana zitumike mahali anapoweza kuzitazama. Tulipopata uhuru tulirithi nusu ya mambo hayo, na ile nusu mbaya. Angalia mahali ambapo mazoezi bado yanafanyika kwa bidii katika shule zetu: kwenye adhabu. Umechelewa? Ruka kichurachura. Umepiga kelele? Pushapu ishirini. Umeongea lugha ya mama? Zunguka uwanja mara tano. Tumemfundisha mtoto kwamba mwili wake unatumika tu anapokosea. Halafu akifika miaka arobaini, sukari imepanda na presha imepanda, daktari anamwambia afanye mazoezi, tunashangaa kwamba anasikia kama amehukumiwa.

Na ipo siku moja tu ambapo serikali ya Kenya inautazama mwili wa kijana kwa makini. Ni siku ya kuandikisha makurutu. Vijana wanajaa uwanjani, mara nyingi uwanja wa shule, wamevua viatu na mashati. Wanakimbizwa. Wanapimwa urefu. Wanafunguliwa midomo na meno yanahesabiwa. Nyayo zinatazamwa kama ni bapa. Kwa wengi wao, hiyo ndiyo mara ya kwanza tangu chanjo za utotoni kwa serikali kuwaangalia, na inawaangalia ili iwakatae. Yule aliyekosa pumzi kwenye mzunguko wa tatu anarudishwa nyumbani na bahasha yake ya vyeti. Alikosea wapi? Miaka kumi na miwili alikuwa ndani ya mfumo wa elimu wenye kipindi cha PE kila wiki. Kwenye karatasi.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza ni kwamba hatuna vifaa. Nimeshasema, mazoezi ya Koehler yalihitaji ardhi na mtu anayejua kuhesabu. La pili ni kwamba hatuna ardhi, na hili ninalikubali kwa uchungu, kwa sababu tunajua ilikoenda. Mwezi wa Januari 2015, watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road hapa Nairobi walitoka kuandamana kwa sababu uwanja wao wa kuchezea ulikuwa umezungushiwa ukuta. Polisi waliwarushia gesi ya kutoa machozi. Dunia nzima iliona picha. Watoto wa shule ya msingi, kwenye sare zao, walikuwa wamelielewa somo la PE kuliko wizara: bila uwanja, hakuna mwili.

La tatu ni la hatari zaidi kwa sababu linavaa suti. Linasema mtaala mpya umelitatua tatizo. Si sasa shule ya juu ina njia tatu, na moja ni ya sanaa na sayansi ya michezo? Ndiyo, na ninaifurahia. Mtoto mwenye kipaji cha voliboli hatimaye ameambiwa kwamba kipaji chake ni elimu. Lakini njia ya wachache wenye kipaji haiwezi kuwa jibu la wengi wasio nacho. Hiyo tena ni Neyland. Kwenye karatasi, mazoezi ya mwili bado yanatajwa kuwa ya wanafunzi wote, na sisi sote tunajua kinachotokea kwa kitu cha wote kisichotahiniwa. Binti aliyechagua fizikia atakaa. Na mwalimu wa fizikia atakuwa na kisingizio kipya: michezo ina watu wake.

La nne hunifanya nicheke kisha nikasirike. Ati tuwalete wanajeshi shuleni, ama vijana wa NYS, wawanyooshe watoto. Mtu yeyote anayesoma maisha ya Koehler na kutoka na wazo hilo amesoma sare akamwacha mtu. Watoto wetu hawakosi wa kuwapigia kelele. Kilichofanya kazi West Point ni mwalimu aliyesomea kazi yake, aliyekaa nayo miaka 38, mwenye saa yake kwenye ratiba ambayo profesa wa hesabu hakuthubutu kuigusa. Hayo matatu, taaluma, muda na heshima, hayahitaji bunduki. Tunaweza kuyatoa kesho kwa yule mwalimu wa PE ambaye leo amegeuzwa kuwa mtu wa kujaza mapengo ya walimu wengine.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo, na nalielekeza kwako wewe mzazi kabla ya kulielekeza kwa waziri. Mkutano wa wazazi ukiitishwa, baada ya kusomewa wastani wa alama na kuonyeshwa ramani ya jengo jipya, nyanyua mkono. Uliza hivi: PE ya darasa la mtoto wangu ni siku gani, saa ngapi, nani anaifundisha, na mara ya mwisho ilifundishwa lini? Usiulize kuhusu timu. Wakikujibu kwa kukuonyesha kombe lililo kwenye kabati la vioo, washukuru kwa kombe, kisha urudie swali.

Utaonekana msumbufu. Wazazi wengine watakugeukia na macho ya "huyu naye." Mwalimu wa hesabu atatazama saa. Usikae mpaka ujibiwe.